Fundi Aliyeogopa Maji Kuganda

Nimewajua waoga wengi, na mimi mwenyewe ni mmoja wao, lakini sijakutana na mtu aliyeutangaza woga wake waziwazi kama fundi wa maji aliyetunza karavani yetu. Wanaume wengine katika yadi ya shirika letu, Eldoret, walificha woga wao kwa mzaha. Yeye alisimama kando ya gari, spana mkononi, akasema mbele ya kila mtu, "Hapa mimi naogopa," kisha akaonyesha kwa kidole kile anachokiogopa: kona ya paipu, nati iliyolegea, au anga lisilo na wingu hata moja.

Sisi sote tulimwita Fundi. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi za ofisi, lakini sikumbuki mtu akilitumia.

Karavani yenyewe ilikuwa nyumba ndogo ya magurudumu, ya kuvutwa na pikapu. Wazungu wawili wazee walikuwa wamezunguka nayo nchi nyingi, wakachoka, wakaliachia shirika letu, nalo likaigeuza kuwa kliniki. Kitanda chao kikawa cha wagonjwa, jiko lao likawa mahali pa kuchemshia vifaa. Kitu cha thamani zaidi ndani yake kilikuwa maji. Chini ya sakafu kulikuwa na tangi, pampu ndogo ya betri, filta ya plastiki na hita ya gesi, na juu mifereji miwili. Kila Jumatatu tulipanda nayo hadi nyanda za juu mbele ya Ainabkoi, tukakaa huko mpaka Ijumaa. Mimi ndiye niliyekuwa muuguzi, na Kibet alikuwa dereva. Akina mama walitembea saa mbili au tatu kutufikia, na walipofungua mfereji na kuona maji safi yakitoka, wengine walicheka kwa furaha.

Nimekulia Kisumu, kando ya ziwa, ambako usiku mtu hulala akijipepea. Fundi aliponiambia mara ya kwanza kwamba maji yanaweza kuganda ndani ya paipu hapa Kenya, nilidhani ananitania.

"Sista, wewe hujui hiyo baridi," alisema. "Huko unaenda, mwezi wa kwanza, anga ikikaa safi na upepo ilale, asubuhi utapata nyasi ni nyeupe. Hiyo ni frosti. Inachoma viazi mpaka majani inakuwa nyeusi. Sasa paipu ni nini?"

Wiki yangu ya kwanza alikuja nasi. Jioni alijaza maji chupa ya soda ya kioo hadi juu kabisa, akaifunga vizuri, akailaza kwenye nyasi nyuma ya karavani. Asubuhi aliniita. Nyasi zilikuwa zimevaa weupe kama zimenyunyiziwa unga, na zilivunjika chini ya viatu vyangu. Chupa ilikuwa imepasuka kutoka shingoni hadi kitako, na ndani yake kipande cha barafu kilikuwa kimesimama peke yake, kikiwa bado na umbo la chupa.

"Maji ikiganda inanenepa," alisema. "Ikikosa pa kunenepea, inapasua nyumba."

Aliviokota vile vipande vya kioo kimoja kimoja, akavishika mbali na mwili kama vitu vinavyouma.

Tangu siku hiyo nilijifunza kumwaga maji kila jioni kabla jua halijazama. Kwanza unajaza jerikani mbili kwa ajili ya asubuhi, unaziingiza ndani na kuzifunika blanketi. Kisha unazima hita na kuiacha ipoe. Unafungua koki tatu za chini, ya tangi, ya hita, na ile ya nyuma ambayo imejificha karibu na gurudumu. Unafungua mifereji yote, ya moto na ya baridi, na kuiacha wazi. Unawasha pampu mpaka ikohoe hewa, unaizima, unafungua filta, unamwaga maji yaliyobaki ndani na kuiingiza ndani ulale nayo. Pampu yenyewe Fundi aliivisha sweta kuukuu ya mtoto, akaifunga na kamba. Kazi hiyo ilichukua nusu saa, na mikono ilikufa ganzi kabla hujamaliza.

Alikuwa na misemo yake. "Koki haina huruma," alisema ukimwambia umechoka. Na ukimuuliza kwa nini anakagua kitu alichokwisha kukagua, alijibu, "Ile mara ya kwanza nilikuwa naangalia. Sasa naona."

Lakini woga wake haukuwa na mpango niliouelewa. Mtu huyu aliyeogopa chupa ya soda alioga nje kwa maji ya baridi asubuhi hiyohiyo ya sakitu, ile aliyoiita frosti, akiimba wimbo wa kanisa. Aliendesha pikipiki kutoka Burnt Forest, kwake, hadi Eldoret, na paipu ndefu zimefungwa kando yake kama mabawa, malori yakimpita kwa nguvu, na hakuona shida. Damu, hata hivyo, hakuiweza. Mgonjwa akiwa ndani, Fundi hakuingia. Alinipitishia spana dirishani na kunielekeza akiwa amegeuka upande. "Kaza. Kidogo tena. Wacha hapo." Hivyo ndivyo nilivyojua kukaza nati, mimi niliyesomea kudunga sindano.

Watu wa yadi walikuwa na maelezo yao. Walisema woga ulimwingia wakati wa zile fujo za baada ya uchaguzi, alipochomewa nyumba Burnt Forest na kulala miezi na familia yake kwenye hema uwanjani mwa kanisa. Nilimuuliza siku moja tukinywa chai.

"Hapana, Sista," alisema. "Hata kabla ya hiyo nilikuwa hivi tu." Akaomba sukari.

Siku niliyomwona akiogopa kweli ni siku ya kulanti. Kibet alikuwa kijana mwerevu, na kazi ya kumwaga maji kila jioni ilimchosha hata kumtazama mtu akiifanya. Aliwaza kwamba kama kulanti huzuia maji ya rejeta ya gari yasigande, basi itazuia na ya karavani. Asubuhi moja, tukiwa bado yadini, alimimina kopo zima kwenye tangi, akaja kutuambia kwa fahari kwamba ametatua shida yetu.

Uso wa Fundi ulibadilika rangi. Alitembea hadi kwenye karavani, akafunga mifereji yote kwa waya, akakaa chini mlangoni kama mtu anayezuia wezi.

"Umekunywa?" aliniuliza.

"Bado."

"Kuna mtu amekunywa?"

"Hakuna."

"Hiyo kitu ni tamu," alimwambia Kibet, kwa sauti ya chini sana. "Mtoto akionja ataomba tena. Halafu figo zake zinakufa."

Aliosha tangi siku nzima. Safari yetu ikaahirishwa, nami nilikasirika kwa sababu nilikuwa na akina mama walionisubiri. Jioni maji yalitoka safi, yasiyo na rangi wala harufu. Nikamwambia sasa imetosha. Alitazama yale maji kwa muda mrefu.

"Hata nikiosha mara kumi, bado naogopa," alisema.

Alifungua tangi, akang'oa paipu zote, na siku mbili baadaye tulisafiri na tangi jipya. Mkubwa wetu alipouliza nani alitia kulanti, Fundi alisema kwamba jambo hilo limekwisha, na kwamba aliyelifanya hatarudia. Hakumtaja Kibet, na Kibet hakurudia.

Alipotuacha tuende peke yetu, alianza kunipigia simu. Kila siku, saa kumi na mbili na nusu jioni, simu ililia.

"Sista, umefungua?"

"Nimefungua, Fundi."

"Zote tatu?"

"Zote tatu."

"Na ile ya nyuma?"

"Hiyo ndiyo ya tatu."

"Haya. Mungu akulinde."

Hiyo tu. Mwanzoni simu ilinifurahisha. Baadaye ikawa kama kokoto kiatuni. Nilikuwa muuguzi mwenye cheti na miaka tisa ya kazi, na mzee wa mabomba alinikagua kama mtoto aliyeambiwa anawe mikono.

Jioni ninayotaka kuieleza, nilikuwa nimehudumia watu tangu saa mbili asubuhi. Upepo ulikuwa umelala. Nilikaa kwenye ngazi ya karavani na viatu mkononi, miguu imevimba, nikatazama anga. Halikuwa na wingu. Nililiona hilo na nikajua maana yake. Simu ikalia.

"Sista, umefungua?"

"Nimefungua."

"Zote tatu?"

"Zote tatu, Fundi," nilisema, bado nimekaa.

Safari hii hakuuliza ile ya nyuma. "Haya. Mungu akulinde."

Nilijiambia nitapumzika dakika kumi kisha nishuke. Nikaingia ndani, nikajilaza na koti, na nilipofungua macho kulikuwa kumekucha.

Kwanza niliona pumzi yangu mwenyewe ikitoka kama moshi. Nikaufungua mfereji. Haukutoa kitu, hata tone, nikaufunga tena. Nikakumbuka jerikani: sikuwa nimezijaza, kwa sababu hujazwa wakati wa kumwaga. Nilitoka nje. Eneo lote lilikuwa jeupe mpaka kwenye miti. Niliinama chini ya karavani na kuona filta imepasuka kwa urefu, na barafu imechungulia kwenye ufa. Pampu nayo, ndani ya ile sweta, ilikuwa na mstari mwembamba ubavuni. Nilipiga magoti pale, nikapitisha kidole kwenye ule mstari.

Jua lilipopanda kidogo, barafu ikalegea, na maji yote ya tangi yakaanza kuvuja chini. Nilitia beseni, nikaambulia nusu, yenye matope. Wakati huohuo nikasikia trekta.

Walimleta msichana wa miaka kama ishirini, mimba ya kwanza, uchungu tangu jana yake. Mama mkwe alikuwa amemshika mabegani. Nilipomkagua, kichwa cha mtoto kilikuwa karibu kutoka. Nilikuwa na glavu na chupa ndogo ya spiriti ya mikono, basi. Nilimwambia Kibet achukue jerikani na pikapu akatafute maji popote.

"Mfereji wa hapo kwa jirani umeganda pia," alisema. "Itabidi nishuke mtoni."

"Shuka."

Mtoto alizaliwa salama dakika chache baadaye, wa kiume, akalia mara moja. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikaona damu. Si ile ya kawaida. Hii ilikuja bila kukoma, ikalowesha shuka, ikaanza kudondoka sakafuni. Nilimdunga sindano ya kuzuia damu niliyokuwa nayo. Niliweka mkono juu ya tumbo lake na kuanza kukanda kizazi, nikikanda na kukanda ili kikaze, na huku masikio yangu yanatafuta mlio wa pikapu. Trekta lilikuwa limeshaondoka. Gari pekee la kumfikisha hospitali lilikuwa mtoni, likitafuta maji ambayo yangekuwa ndani ya jerikani zangu.

"Anasinzia," mama mkwe alisema.

"Mzungumzishe. Asilale."

"Daktari, anasinzia."

Sijui dakika ngapi zilipita. Mama mkwe alisema baadaye ni kama ishirini na tano. Mimi nazikumbuka kama pumzi moja ndefu ambayo bado sijaitoa yote. Mikono yangu ilikufa ganzi na sikuthubutu kuipumzisha. Midomo ya yule msichana ilikuwa imepauka kama nyasi za nje. Kibet aliporudi tulimpakia nyuma ya pikapu, nikaendelea kukanda njia nzima hadi hospitali ya Eldoret, mtoto akiwa kifuani mwa bibi yake.

Aliongezwa damu. Alikaa wodini siku kumi na moja. Kila asubuhi ya siku hizo nilipita wodini kabla ya kazi, nikasimama mlangoni nihakikishe kitanda chake bado kina mtu. Alipona. Familia yake, kwa haki kabisa, ilikuja ofisini kuuliza kwa nini kliniki haikuwa na maji wala gari.

Mkubwa wetu alituita sote watatu. Filta iliyopasuka ilikuwa juu ya meza.

"Nani alipaswa kumwaga maji?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua. Niliona mbele yangu leseni yangu, kodi ya nyumba, mama yangu Kisumu anayengojea dawa, na sura ya yule msichana akiambiwa kwamba nilikuwa nimekaa kwenye ngazi. Kabla sijasema kitu, Fundi alizungumza.

"Ni kazi yangu," alisema. "Koki ya nyuma niliiweka vibaya nikiitengeneza wiki ile. Sista alifungua, lakini maji haikutoka yote."

Aliitazama filta wakati wote. Mimi niliitazama meza. Niliacha ukimya ukae mpaka ukawa jibu langu.

Alifutwa kazi siku hiyohiyo. Alirudisha vifaa vya yadi kimoja kimoja, akavipanga kwenye benchi, akanijia nilipokuwa nimesimama karibu na karavani.

"Fundi mwingine atakuja," alisema. "Umwonyeshe hiyo koki ya nyuma. Imejificha, anaweza kosa kuiona."

Akawasha pikipiki. Sikumwona tena kwa miaka sita.

Katika miaka hiyo karavani iliuzwa, Kibet akapata kazi ya basi, nami nikahamia kituo cha afya mjini. Nilimwaga maji ya kila kitu. Nyumbani kwangu Eldoret, ambako paipu haziwezi kuganda, nilijikuta jikoni jioni nikifungua mfereji na kuufunga. Nilikuwa na namba yake. Niliitafuta kwenye simu mara nyingi na kuitazama tu.

Januari hii niliamka asubuhi moja nikapanda gari la Burnt Forest bila kumwambia mtu. Niliuliza sokoni, wakanielekeza. Nilimkuta nyuma ya nyumba, akitengeneza ua wa ng'ombe. Alikuwa amekonda, na jicho moja lilikuwa na ukungu. Nilipopiga hodi, alinijua kwa sauti kabla sijafika.

"Sista," alisema. "Karibu."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitakunywa chai na kurudi nilivyokuja.

"Fundi, siku ile sikufungua. Hata koki moja. Nilikudanganya."

Aliendelea kukaza waya mpaka ukakazika. Kisha akaweka koleo chini.

"Najua," alisema. "Siku nilienda kutoa hiyo filta nilikuta koki zote tatu zimefungwa. Mifereji pia. Mtu akimwaga maji hawezi fungia mifereji."

"Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Niliogopa. Ukifukuzwa wewe, kliniki inafungwa, na wale wamama wanabaki hivyo. Fundi ni wengi." Aliujaribu ule waya kwa kidole. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa na ukali nisioujua. "Na nilidhani utakuja kesho yake. Nilijiambia, huyu Sista ni mtu mzuri, ameshtuka tu, kesho atakuja aseme. Nilikupa siku moja. Wewe ukachukua miaka sita."

Nilisema naomba msamaha. Maneno yalitoka madogo.

"Msichana wangu alikuwa anasoma hapo chuo cha Chepkoilel," alisema. "Alikaa nyumbani mwaka mzima, karo hakuna. Hiyo ilipita, alimaliza. Lakini mke wangu, hapa ndani, anaamini kwamba uzembe wangu karibu uue msichana wa wenyewe. Mtu akija kunitafuta nimtengenezee tangi, yeye ndiye anamwambia atafute fundi mwingine. Anaogopa nitaua mtu. Sijashika paipu tangu siku ile."

"Hukumwambia ukweli?"

"Nimwambie nini? Kwamba nilidanganya mkubwa? Angesema najitetea." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Mimi usiniombe msamaha sasa. Sijui kama ninao. Ingia ndani umwambie yeye."

Alitangulia, nikamfuata. Jikoni mke wake alikuwa akimenya viazi, mwanamke mpana mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Alinisalimu kwa upole wa mtu asiyejua mgeni ni nani.

"Mama," nilisema, "mimi ndiye niliyekuwa muuguzi wa ile karavani." Kisu kikasimama. Nikasema yaliyobaki kwa haraka, bila kupumua: anga, ngazi, simu, uongo, filta mezani, na jinsi nilivyonyamaza mume wake akibeba lawama.

Hakuniangalia. Alimwangalia Fundi, akamuuliza kitu kwa Kikuyu, swali fupi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Alijibu kwa neno moja, akiitikia kwa kichwa. Yule mama aliinamisha kichwa, akakiweka kisu kando ya viazi. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari.

Alivuta kigoda kwa mguu wake, akakisukuma hadi mbele yangu.

"Keti," alisema. "Umesema haraka sana. Anza tena pole pole, na yeye aingie ndani akae, nataka nisikie yote akiwa hapa."